Denis Burkitt: munganga wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya hadi ndani ya seli

Bule iko juu, kwenye milima ya Djugu, mahali pa baridi, pa ng'ombe na viazi. Ukishuka upande wa mashariki, joto linaongezeka, mbu wanaongezeka, na mwisho unafika kwenye Ziwa Albert, kule Tchomia na Kasenyi, mita 600 na kidogo tu juu ya bahari. Kati ya kule juu na kule chini si mbali sana. Lakini kwa ugonjwa mmoja wa watoto, hizo ni kama dunia mbili.

Ule ugonjwa ni kansere inayovimbisha taya la mtoto. Kwa wanganga jina lake ni limfoma ya Burkitt. Burkitt ni jina la munganga aliyetumika ng'ambo ya ziwa, Uganda, miaka karibu 20. Hakuwa mtu wa laboratwari. Alikuwa mpasuaji wa kawaida, tena mwenye jicho moja. Lakini swali moja aliloliuliza, swali la mahali ugonjwa unakaa na mahali haukai, lilifungua mlango ambao watafiti wa seli wanapita mpaka leo.

Mtoto wa Enniskillen

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini ya Irlandi. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa injinia wa barabara na madaraja ya wilaya. Saa za mapumziko, mzee huyo alikuwa na kazi ingine iliyowashangaza majirani: alikamata ndege wadogo wa bustani yake, akawafunga pete mguuni, akawaachilia, kisha akachora kwenye karatasi mahali kila mmoja anaishi na mpaka wake uko wapi. Kwa njia hiyo alikuwa kati ya watu wa kwanza kuonyesha kwamba kila ndege ana shamba lake. Mtoto alikua akiona baba anachora ramani ya viumbe hai.

Akiwa na miaka 11, watoto wa shule walipigana kwa mawe. Jiwe moja lilivunja miwani ya Denis na jicho lake la kuume likapotea. Tangu siku hiyo aliangalia dunia kwa jicho moja.

Alianza masomo ya uinjinia kwenye Trinity College, Dublin, kama baba yake. Kisha akabadili, akaenda kwa udaktari, akamaliza mwaka 1935. Alikuwa Mkristo wa kushika imani, na alitaka kutumika Afrika. Alipoomba kazi kwenye serikali ya kikoloni ya Uingereza, walimkatalia juu ya lile jicho. Ilikuwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akaingia jeshini kama munganga, akatumwa Kenya na Somalia. Vita ilipoisha, mlango ulifunguka: mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini ya Uganda, pamoja na mke wake Olive.

Tabia ya kuuliza: wapi?

Lira, Burkitt alipasua wanaume wengi waliovimba korodani kwa maji. Munganga mwingine angepasua tu na kuendelea na kazi. Yeye aliuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Akagundua kwamba ule ugonjwa ulikuwa mwingi sana upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi ulikuwa kidogo tu. Watu walikuwa wa kabila moja, wenye maisha ya namna moja. Kwa nini tofauti? Baadaye ilieleweka kwamba ugonjwa huo unaletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu.

Ilikuwa jambo dogo, lakini lilimfundisha kitu: ramani inaweza kusema kile ambacho kisu hakiwezi kusema.

Mwaka 1948 alihamishiwa hopitali ya Mulago, Kampala.

Uvimbe pande nne

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell, munganga wa watoto, alimwita aangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kushoto na kuume, taya la chini kushoto na kuume. Meno yalikuwa yanalegea. Burkitt hakujua ni nini. Si usaha wa jino, maana jino moja haliwezi kuvimbisha pande nne mara moja. Si kansere ya kawaida, maana kansere inaanza mahali pamoja. Mtoto hakupona.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja. Akatazama nje kwa dirisha la hopitali, akaona mama amekaa kwenye majani na mtoto wake. Uso wa mtoto ulikuwa uleule. Burkitt alitoka mbio. Alipompima, alikuta uvimbe tumboni pia.

Hapo ndipo alielewa kwamba si ajali mbili. Alirudi Mulago, akafungua vitabu vya wagonjwa. Wanganga wa mbele yake walikuwa wameandika juu ya watoto wengi: huyu ana uvimbe wa taya, yule wa figo, yule wa ini, yule wa jicho. Kila mmoja alihesabiwa kama ugonjwa wake. Na si wa Mulago tu: Albert Cook, mmisionari wa hopitali ya Mengo, alikuwa ameandika na kuchora watoto wa namna hiyo tangu mwanzo wa karne. Wote waliona. Burkitt alikuwa wa kwanza kusema kwamba huu ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 aliuandika kwenye gazeti la wapasuaji la Uingereza. Gazeti halikupata wasomaji wengi kwa habari ile. Kisha wataalamu wa Kampala walioangalia vipande vya uvimbe kwa mikroskopu walithibitisha kwamba ni limfoma, kansere ya seli nyeupe za damu, zile askari wanaotengeneza kinga ya mwili.

Gari la paundi 250

Sasa Burkitt alirudia swali lake la Lira. Wapi? Alipewa msaada wa paundi 25 tu. Kwa hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hopitali zaidi ya 1,000 za serikali na za misioni Afrika yote. Je, wanawaona watoto kama hawa? Majibu yalipofika, alichoma vipini kwenye ramani ukutani. Vipini vilijipanga kama mshipi katikati ya Afrika, halafu mkia mrefu ukashuka upande wa pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Akataka kuona mwisho wa mshipi kwa jicho lake. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Gari lilikuwa Ford ya mwaka 1954, limekwisha kutumika, bei paundi 250. Ted Williams ni mtu wa kukumbukwa na watu wa Ituri, maana hopitali yake, Kuluva, iko karibu na Arua, mlango wa pili wa Aru na Mahagi. Alijua kutengeneza gari kama alivyojua kutengeneza watu. Mu majuma 10 walitembea kilometa 16,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakaingia hopitali karibu 60.

Kila hopitali swali lilikuwa moja. Na jibu lilianza kuonyesha sura. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500, ugonjwa hakuna. Ukienda kusini, ule mpaka unashuka: mita 900, kisha mita 300. Alexander Haddow, mkubwa wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitazama ile ramani na kumwambia kwamba haionyeshi urefu wa mlima, inaonyesha joto. Mahali ambapo joto linashuka chini ya nyuzi 16 hivi, ugonjwa hauonekani. Na mahali pakavu, pasipo mvua ya kutosha, hauonekani pia.

Joto na mvua: mtu wa Ituri anasikia hayo maneno na jambo la kwanza analofikiri ni mbu. Burkitt na wenzake walifikiri hivyohivyo. Walisema pengine kuna virusi inayobebwa na mbu na inaleta kansere. Kumbe walikosea nusu, na wakapata nusu. Ilichukua miaka mingi kujua nusu ipi ni ipi.

Ndege, ukungu na maji machafu

Mbele ya ile safari, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa hotuba London, kwenye Middlesex Hospital. Kwenye viti vya nyuma alikaa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa anatafuta virusi za kansere kwa kuku. Aliposikia juu ya joto na mvua, alishika shauri palepale: ataacha kuku, atatafuta virusi kwenye ule uvimbe.

Vipande vya uvimbe vilianza kusafiri kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Epstein aliangalia kwa mikroskopu ya elektroni miaka zaidi ya miwili, asione kitu. Tarehe 5 Disemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London, ndege ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika mwishoni, maji yake yalikuwa na ukungu vilevile, kama yameoza. Mwingine angeyamwaga. Epstein alichukua tone, akaangalia: hazikuwa bakteria, zilikuwa seli za kansere zilizojitenga na nyama, zinaelea, ziko hai. Kutingishwa kwa safari kulizisaidia. Kutoka pale yeye na mwenzake Yvonne Barr walifaulu kuziotesha kwenye chupa, kazi ambayo hakuna aliyeiweza kwa seli za limfoma. Na ndani ya hizo seli, Februari 1964, pamoja na Bert Achong, Epstein aliona virusi mpya. Ilikuwa virusi ya kwanza kujulikana kuleta kansere kwa binadamu. Inaitwa virusi ya Epstein-Barr.

Seli zingine za watoto wa Afrika zilioteshwa pia: zile zinazoitwa Raji zilitoka kwa mtoto wa kiume wa Nijeria, zile za Daudi kwa kijana wa Kenya. Zinaishi mpaka leo kwenye laboratwari za dunia nzima, zinauzwa na kununuliwa, na maelfu ya wanafunzi wa biolojia wamezitumia. Ule mtoto wa Uganda, ambaye seli zake zilifika na maji machafu, hakuna anayemtaja. Siku zile haikuwa desturi kuuliza wazazi. Hadithi ya Burkitt si kamili kama hao watoto hawahesabiwi ndani yake.

Virusi ya kila mtu

Kisha fumbo lilizidi kuwa gumu. Werner na Gertrude Henle, mtu na mke wake, watafiti wa Philadelphia, Marekani, waligundua kwamba ile virusi iko kwa watu karibu wote wa dunia. Inapita kwa mate. Watu zaidi ya 9 kwa 10 wanaibeba maisha yao yote bila ugonjwa. Kama virusi iko Paris na iko Bunia, kwa nini taya linavimba kando ya Ziwa Albert na si Paris?

Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe alikubali kwamba wazo la kwanza lilihitaji kugeuzwa. Mbu habebi virusi ya kansere. Mbu anabeba malaria, na ni malaria ya kila siku, ile isiyomwacha mtoto kupumua, inayosaidia virusi kuharibu seli.

Ushahidi mkubwa ulitoka ng'ambo tu ya mpaka wa Ituri. Kuanzia 1972, taasisi ya kansere ya Lyon, Ufaransa, ilichukua damu ya watoto 42,000 wa West Nile, wilaya ya Arua, ikaihifadhi kwenye baridi na kungoja. Wachache kati yao waliugua miaka iliyofuata. Damu yao ya mbele ya ugonjwa ilipopimwa, ilionekana kwamba wenye kingamwili nyingi sana za virusi ya Epstein-Barr walikuwa na hatari mara 30 kupita wengine. Hizo ni familia zinazouza na kununua soko moja na watu wa Mahagi na Aru.

Kamba iliyokatika

Kilichobaki kilikuwa ndani ya seli yenyewe. Kila seli ya mtu ina kromozomu 46, kama kamba 46 zilizoandikwa maagizo ya mwili. Mu miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba kwenye seli za huu uvimbe, kipande cha kromozomu ya 8 kimekatika na kushonwa kwenye kromozomu ya 14. Mwaka 1982 ilijulikana maana yake. Kwenye kromozomu ya 8 kuna jeni inayoitwa MYC, inayoambia seli kugawanyika. Kwa kawaida inawaka na kuzimika. Kwenye kromozomu ya 14 kuna jeni ya kutengeneza kingamwili, na kwa askari wa damu hiyo haizimiki. MYC ikishonwa pale, ni kama moto umewekwa kando ya petroli: seli inagawanyika bila kusimama. Ndiyo sababu huu uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Ni kati ya kansere zinazokua mbio kupita zote za binadamu.

Nani alikata kamba? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoa jibu kwa kutumia panya. Mwili una anzimu inayoitwa AID. Kazi yake ni kukata na kubadilisha jeni za kingamwili ili askari wajifunze kupiga adui mpya. Mtoto mwenye malaria isiyoisha anatengeneza askari wengi, na AID inatumika usiku na mchana. Siku moja inakata mahali pasipofaa. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida inajiua yenyewe. Lakini kama virusi ya Epstein-Barr imo ndani, inaizuia kufa. Malaria inatoa kisu, virusi inaficha kosa. Mwaka 2019, kazi ya kusoma jeni zote za uvimbe wa watoto, wengi wao wa Uganda, ilionyesha alama za AID nyingi zaidi pale ambapo virusi ipo.

Ndivyo ramani ya vipini ilivyofika hadi kwenye mkato mmoja wa kamba moja ndani ya seli moja. Burkitt hakuyaona haya ya mwisho.

Dawa kidogo, ajabu kubwa

Kwa Burkitt, kujua hakukutosha. Kupasua taya hakukuponya watoto, na Uganda haikuwa na mashine ya kuchoma kansere kwa mionzi. Mu miaka ya 1960 alianza kutumia dawa mpya za kansere alizopewa kutoka ng'ambo. Hakuwa na vyombo vya kutoa dawa nyingi kama Marekani, basi alitoa kidogo. Kwa mshangao wa wote, uvimbe uliyeyuka mu siku chache, na watoto wengine walipona kabisa. Ilikuwa kati ya kansere za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 Mulago ilifungua kituo cha limfoma, mbegu ya Uganda Cancer Institute ya leo.

Yeye aliondoka Uganda mwaka 1966. Kule Uingereza aliuliza tena wapi: kwa nini magonjwa ya matumbo ya Wazungu hayaonekani vijijini Afrika? Alijibu kwamba ni chakula chenye makapi, kama maharagi, majani na unga usiokobolewa. Kwa hilo alijulikana zaidi kuliko kwa taya, ingawa wataalamu wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa faida yake. Alikufa tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Bule kwenye ramani

Kwa ramani ya 1961, milima ya Djugu iko upande wa baridi, na kando ya ziwa iko ndani ya mshipi. Lakini ramani ile ilichorwa kwa watu waliokaa mahali pamoja. Watu wa Djugu wamekimbia mara nyingi: wa juu wameshuka, wa chini wamepanda, familia nyingi zimelala kwenye kambi chini ya hema. Burkitt aliliona jambo hilo pia. Watu waliotoka nyanda za juu za Rwanda na Burundi na kuhamia bonde la Uganda waliugua wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, maana miili yao haikuizoea malaria tangu utoto. Basi kukaa Bule leo hakusemi kitu juu ya mahali mtoto aliishi jana.

Watoto wanaougua zaidi ni wa miaka 4 hadi 7, wa kiume kupita wa kike. Ishara ni zile alizoziona Burkitt: taya linavimba bila usaha, meno ya mtoto yanalegea mbele ya wakati wake, jicho linasukumwa nje, tumbo linakuwa kubwa na gumu. Wazazi wengi wanafikiri ni jino, au ni mtu amemroga. Jino linang'olewa, chale zinachanjwa, majuma mawili yanapita. Kwa ugonjwa unaoongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, majuma mawili ni maisha.

Kwenye nchi zenye hopitali za kutosha, watoto karibu 9 kwa 10 wanapona. Kwa Afrika ni nusu, na mahali pengi ni chini ya nusu. Tofauti haitoki kwa virusi wala kwa jeni. Inatoka kwa siku mtoto alipofika hopitali, kwa franka za safari, kwa barabara iliyofungwa. Mtoto wa Jinja alionekana kwa sababu munganga alitazama kwa dirisha. Mtoto wa Bule mwenye taya lililovimba anahitaji kwanza jirani mmoja anayejua kwamba hilo si jino, na mtu wa kumbeba hadi kituo cha afya siku ileile.